Waya Mmoja wa Taa Haubebi Safari ya Turkana

Swali: "Habari ya kazi, fundi. Nina pikipiki ya cc 250, ya injekta, niliyoinunua mwaka jana ikiwa imeshatumika. Desemba mimi na rafiki yangu tunapanga kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kila mtu na pikipiki yake. Tutapitia Isiolo na Laisamis, turudi kwa Maralal na Nyahururu. Nataka kufunga taa mbili za spoti za mbele, chaja ya simu, gripu za kupasha mikono joto, honi kubwa ya pampu, traka ya kufuatilia pikipiki ilipo, kamera ya mbele na masanduku matatu ya alumini. Fundi wa mtaani amesema vyote ataviunganisha kwenye waya wa taa kubwa kwa shilingi 2,500, na jioni nichukue pikipiki. Kitabu kinasema mtambo wa kuchaji hutoa wati 200 injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, na betri ni ya ampea-saa 8. Je, itaweza? Na kama ni kuanza na kimoja, nianze na kipi?" Dada wa South B.

Dada yangu, umefanya vyema kuuliza kabla waya haujachunwa. Pikipiki nyingi zinazonifikia na shida ya aina hii huletwa juu ya pikapu, taa zimezima, na mwenyewe hajui nani aliunganisha nini wapi. Nitajibu kwa urefu kwa sababu ukishapita Laisamis, kupata hata rilei ya kawaida, ile swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, si jambo la kutegemea.

Jibu lenyewe ni hapana, mara mbili. Usikubali vifungwe kwenye waya wa taa kubwa. Na hata vikifungwa kwa ustadi namna gani, pikipiki yako haivimudu vyote kwa pamoja. Hili la pili ndilo ambalo wauzaji wa vifaa huwa hawalisemi, na ndilo lingenikosesha usingizi kama ningekuwa mimi ninayesafiri.

Simlaumu fundi wako. Kwa boda inayotaka taa moja ndogo ya mapambo, njia yake hufanya kazi na mtu akaendesha miaka. Lakini tazama ulichomwomba. Spoti mbili za wati 20 ni wati 40. Gripu za joto ni wati 36 hivi. Chaja ya simu ya kisasa inayochaji haraka huvuta wati 20, kamera 5. Jumla ni wati 100 na ushei. Gawanya kwa volti 12, unapata zaidi ya ampea 8. Juu yake kuna taa kubwa yenyewe, wati 55, ambayo ni karibu ampea 5. Sasa waya uliokatwa kiwandani ubebe ampea 5 unaombwa ubebe 13, kupitia swichi ya ufunguo na swichi ya usukani ambazo ndani yake ni vibati vidogo vya shaba. Honi ya pampu bado sijaihesabu, na hiyo ukiibonyeza huvuta ampea 15 hadi 20 kwa mkupuo.

Fyuzi ya taa kubwa kwenye pikipiki za ukubwa huo mara nyingi ni ya ampea 10, ile nyekundu. Itakatika mara moja, mara mbili, na mara ya tatu kuna mtu atakuwekea ya 20, ile ya manjano, au akuzungushie ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Kuanzia hapo hakuna fyuzi tena. Waya wenyewe umekuwa fyuzi, nao hukatika kwa moto. Ukikatika usiku kati ya Merille na Laisamis, kinachozimika ni taa kubwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba na vingine vyote vilikuwa wageni.

Nina kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mteja chaja ya simu. Waya nikautoa kwenye betri, vizuri kabisa, lakini fyuzi nikaiweka mbele, karibu na usukani, ili awe anaifikia kwa urahisi. Waya ulipita kwenye shingo ya usukani. Kila alipokata kona, chuma kikawa kinaulamba kidogo. Baada ya miezi miwili ganda likaisha na shaba ikagusa fremu, na pale ilipogusa ni kabla ya fyuzi. Fyuzi haikujua lolote. Aliniletea pikipiki ikinuka plastiki. Nilipofungua tangi nilikuta shada zima la nyaya limeshikana kama sukari guru iliyoyeyuka ikaganda, nyekundu na kijani na nyeusi hazitofautiani. Nilibadilisha nyaya zote kwa gharama yangu, kazi ya siku tatu. Tangu hapo fyuzi yangu ya kwanza haikai mbali na betri zaidi ya kiganja kimoja, na sitaki mtu mwingine alipie somo hilo.

Twende kwenye hesabu ya umeme, kwa maana kila kitu kinaanzia hapo.

Ndani ya kava ya upande wa injini kuna koili, na sumaku inazunguka ikiizingira. Hapo ndipo umeme wako wote unapotoka. Regulata huubadilisha uwe wa kuchaji betri na kuuzuia usipande kupita kiasi. Wati 200 za kitabu ni za mizunguko 5,000. Pikipiki yenyewe hula kwanza: taa kubwa 55, taa ya nyuma na ya namba 10, pampu ya mafuta na injekta na plagi na kompyuta ya injini tuseme 60, dashibodi 5. Hizo ni 130. Feni ya rejeta ikianza kuzunguka ongeza 40, unafika 170. Kwa hiyo ukiwa barabarani na upepo unapoza injini, una kama wati 70 za kucheza nazo. Feni ikiwaka una 30. Mimi hupenda kubakiza 20 zisizoguswa, kwa ajili ya betri iliyoanza kuzeeka na taa ya breki ambayo peke yake ni wati 21.

Hiyo ni injini ikiwa mbioni. Ikiwa imesimama inaunguruma tu, koili hutoa nusu ya hapo au chini yake. Ndiyo maana huwaambia wateja kuwa barabara ya Marsabit haiiui betri, inayoiua ni foleni ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni: injini inanguruma taratibu, feni inazunguka, taa zinawaka, simu inachajiwa, mguu uko kwenye breki. Nusu saa ya namna hiyo kila siku, halafu asubuhi ya safari unabonyeza stata inatoa mlio wa tik-tik-tik.

Kuna watakaokushauri ununue betri kubwa. Wewe ni mtu wa Nairobi na mgao wa maji unaujua. Mtungi mkubwa haufanyi mfereji utoe maji zaidi. Utachelewa tu kuishiwa, na ukishaishiwa utachukua muda mrefu zaidi kuujaza.

Kabla hujanunua chochote, pima. Mita ndogo ya kidijitali utaipata mtaa wa Luthuli, haihitaji kuwa ya bei. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, gusa nguzo mbili za betri: volti 12.6 hadi 12.8 ni betri nzima. Chini ya 12.4 ichaji kwanza, vipimo vingine vitakudanganya. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 4,000 au 5,000. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, mtambo wako ni mzima. Ukiona 15 na zaidi, regulata inakufa na itaondoka na chaja, kamera na kompyuta ya injini. Usifunge kitu mpaka ibadilishwe. Pikipiki yako ilikuwa ya mtu mwingine, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Kisha fanya jaribio ambalo mimi hulifanya mbele ya kila mteja wa safari. Tafuta balbu ya zamani ya taa kubwa, ya wati 55, uiunganishe moja kwa moja na betri kwa waya wenye fyuzi ya ampea 10. Iweke juu ya tofali, maana hupata moto wa kuunguza. Balbu hiyo sasa inacheza nafasi ya spoti na chaja pamoja. Washa taa zote za pikipiki, injini kwenye mizunguko 4,000, subiri dakika tano, usome mita. Ikikaa juu ya volti 13.2, mzigo huo unabebeka. Ikishuka taratibu, 13, 12.8, 12.6, hapo betri ndiyo inayolipa deni, na deni hilo lina mwisho. Umejua jibu bila kununua kitu hata kimoja.

Kwa hesabu yako, nitakachokubali kufunga ni chaja, kamera, traka na spoti ndogo za wati 10 kila moja. Jumla ni wati 45 na kidogo. Gripu za joto ziache. Najua asubuhi ya Julai pale Limuru vidole hukataa kushika klachi, na kwa mtu wa Timboroa ningesema zifunge kesho. Lakini wewe unaelekea Loiyangalani, moja ya sehemu zenye joto kali nchini. Baridi utaipata asubuhi mbili, ya kutoka Nairobi na ya Nyahururu wakati wa kurudi, na glavu nzuri zitatosha. Wati 36 ni nyingi mno kwa asubuhi mbili.

Na usivutike kubadilisha balbu ya taa kubwa kuwekea ya LED ili kuokoa wati. Kioo kile kilichorwa kwa ajili ya uzi wa balbu ya kawaida mahali pake hasa. Ukiweka LED ya bei rahisi, mwanga husambaa ovyo. Wewe unaona karibu tu, anayekuja mbele yako haoni kabisa. Taa za nyuma na indiketa ni sawa kubadilisha, ila indiketa za LED zitakimbia mbio mpaka ubadilishe pia flasha, kile kifaa kinachozipepesa.

Sasa namna ya kufunga. Kutoka nguzo chanya ya betri toa waya mmoja wa milimita za mraba 2.5. Ndani ya sentimita 15 weka fyuzi kuu ya ampea 15, ile ya samawati, kwenye kikasha chenye kifuniko cha mpira. Waya uingie kwenye rilei, mguu namba 30. Mguu namba 87 utoe umeme kwenda kwenye kisanduku kidogo cha fyuzi chini ya kiti, na kila kifaa kipate fyuzi yake hapo: ampea 5 kwa spoti, 5 kwa chaja, 3 kwa kamera. Mguu namba 86 ndio wa kuamsha rilei; huo uunganishe na waya wa taa ya nyuma, ambao hupata umeme ufunguo ukiwashwa. Namba 85 uende hasi. Koili ya rilei hula chini ya robo ya ampea, kwa hiyo waya wa kiwandani hautahisi kitu. Ukizima ufunguo, kila kitu kinachotoka kwenye kisanduku hicho kinazima. Huwezi kusahau spoti zikiwaka mbele ya hoteli Isiolo.

Fyuzi huchaguliwa kwa kutazama waya, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya. Kifaa kinaomba ampea 3, lakini kama waya wake ni mwembamba wa kubeba 5, fyuzi isizidi 5 hata muuzaji akisema vingine.

Hasi nazo zirudi kwenye betri. Fundi wengi hubana hasi kwenye boliti yoyote ya fremu. Inawaka leo, halafu rangi na kutu vinafanya kazi yao, na baada ya mwezi spoti inapepesa kila ukipita tuta.

Kuhusu waya wenyewe niruhusu nikae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu huibiwa mchana. Kuna waya unaouzwa Kirinyaga Road na kwingineko ambao nje ni mnene na ndani si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba. Chuna ncha, chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukibaki na rangi ya shaba mpaka ndani, lipa. Ukitoa weupe kama sufuria, mrudishie. Alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi, hukatika kwa mtikisiko na huoza kwenye viungo. Usikubali pia waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Kwenye pikipiki tunataka nyuzi nyingi nyembamba zinazokunjika.

Unene nao si mapambo. Chukua mzigo wa ampea 10 na waya wa mita 3 kwenda na kurudi. Ukiwa wa milimita za mraba 1.5, utapoteza njiani kama theluthi moja ya volti. Ukiwa wa 0.5, ule mwembamba kama wa spika ambao fundi wa haraka huupenda, utapoteza volti nzima, na wati 10 zinageuka joto ndani ya ganda la plastiki chini ya tangi la petroli. Waya hauonyeshi kitu kwa nje. Uguse tu baada ya nusu saa.

Viungo: usitumie vibanio vile vya samawati vinavyokata ganda na kunasa waya bila kuchuna. Ni vya haraka, lakini hukata nyuzi kadhaa na kuacha mlango wa maji. Na kulehemu kwa risasi, ambako sisi mafundi wa zamani tulifundishwa kuwa ndiyo kazi safi, kwenye pikipiki kuna kasoro yake: risasi hupanda ndani ya waya, pale inapoishia waya unakuwa mgumu upande mmoja na laini upande mwingine, na mtikisiko huuvunja hapo hapo. Mimi sasa hubana kwa koleo maalumu lenye meno ya kujifunga, kisha navisha mpira wenye gundi unaonywea kwa moto. Kiungo kikimalizika, shika pande mbili uvute kwa nguvu kama unayetaka kukivunja. Kisipotoka mkononi mwako, barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati haitakitoa.

Unapopitisha nyaya, geuza usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, ukitazama kama kuna unaokazwa au kubanwa. Acha ulegevu shingoni. Kaa mbali na ekzosi. Nyaya zivishwe mpira wa bomba, na regulata isifunikwe na sanduku wala mfuko: mapezi yake yanahitaji upepo, kwa sababu umeme usiotumika, kwenye pikipiki nyingi za aina yako, huteketezwa humo kwa joto.

Spoti zifunge chini, usawa wa juu ya gurudumu, na ziwe na rilei yake inayoamshwa na waya wa taa ndefu, ili ukishusha taa kumpisha mwenzako nazo zizime. Zilenge pikipiki ikiwa na mzigo wote na wewe ukiwa juu yake, maana mzigo wa nyuma huinua pua. Simamisha mita 10 kutoka ukutani. Kiini cha mwanga kiwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Usifunge taa za bluu wala nyekundu zinazomweka mbele. Hizo ni za polisi, ambulensi na zima moto, na kila kizuizi kitakusimamisha. Halafu, dada, kuwa na spoti kusikushawishi kuendesha usiku baada ya Isiolo. Ngamia hulala na kuvuka kwenye lami, miguu yake mirefu huufikisha mwili wake kwenye kifua chako, na mwanga wowote unachelewa. Spoti ni za kukufanya uonekane mchana kwenye vumbi la lori, na za dharura moja.

Honi ya pampu: ukiitaka sana, iwe na rilei yake na fyuzi yake ya ampea 20 moja kwa moja kutoka kwenye betri, mbali na kile kisanduku kidogo. Mimi ningenunua honi mbili zenye umbo la konokono, zinazokula umeme kidogo kuliko ya pampu. Zinasikika ndani ya matatu yenye muziki, na zinatosha.

Traka ndiyo kifaa pekee kinachokula hata ukilala, kwa kuwa yenyewe haipitii rilei hiyo ya ufunguo. Tuseme yako inavuta miliampea 20 pikipiki ikiwa imezimwa. Mara saa 24, ni karibu nusu ampea-saa kwa siku. Betri yako ni ya 8, na ikifika nusu stata itaanza kusita. Hizo ni siku nane tu za kuegesha. Pima kwa kutenganisha waya hasi na kupitisha mita katikati, ufunguo ukiwa umezimwa, wala usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo. Traka inayovuta zaidi ya 20 ikiwa imelala, mrudishie aliyekuuzia akuwekee inayolala vizuri.

Simu: Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitoa onyo kwamba mtikisiko wa injini zenye nguvu za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake, zile zenye kioo kinachojisawazisha. Si za kampuni hiyo pekee zenye teknolojia hiyo. Nunua kishikio chenye mipira ya kumeza mtikisiko, au tumia simu ya zamani kwa ramani. Pakua ramani kabla ya kutoka, kwa sababu mtandao utapotea njiani. Na jua la Turkana likiichoma, simu itakataa kuchaji kabisa. Ivue, iweke kivulini, chaja haijaharibika.

Nimebakisha masanduku, na hapa nitakuomba ubadili mawazo. Tazama kwenye kitabu uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta. Kinachobaki ndicho chako, na kinakuhesabu wewe pia, helmeti na buti. Masanduku mawili ya alumini na vyuma vyake ni kilo 16 hivi, la nyuma na keria yake kilo 5 au 6. Kilo 22 kabla hujaweka hata soksi. Ongeza petroli ya akiba lita 10, ambayo ni kilo 7 na nusu, maji lita 6, tyubu na spana. Yote hayo yananing'inia nyuma ya ekseli ya pikipiki ya cc 250.

Kuna upepo pia. Ule upepo wa karibu na Loiyangalani ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyojengwa huko, ya megawati 310; barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa kwa ajili ya kuifikisha. Nawe utapita kwenye barabara hiyo hiyo ukiwa na mabati mawili mapana ubavuni. Upepo wa ubavu utakusukuma kutoka kwenye mstari uliouchagua hadi kwenye changarawe iliyolegea. Tena kwenye mchanga mtu huteremsha mguu kujizuia, na sanduku gumu la alumini humkanyaga kwa nyuma. Nimewaona waliovunjika kifundo hivyo.

Chukua mifuko laini ya turubai, miwili ya ubavuni na mmoja wa juu ya kiti nyuma yako. Mafundi wa turubai wa Gikomba watakushonea ukiwapelekea vipimo. Ni kilo 4 yote. Vitu vizito viwe chini na mbele, karibu na magoti yako. Nguo na hema nyuma. Sanduku la nyuma kama lazima liwepo, lifunge la plastiki, dogo, usipitishe kikomo kilichoandikwa kwenye keria. Keria nyingi huandikwa kilo kati ya 3 na 10, na watu huweka 20.

Vyuma vya kushikilia mifuko vikitengenezwa Kariobangi Light Industries, nisikilize neno hili moja: kusichomelewe kitu chochote pikipiki ikiwa na betri. Chomoa nguzo zote mbili, na kama inawezekana soketi ya kompyuta ya injini pia. Umeme wa kuchomelea hutafuta njia ya kurudi, na njia hiyo ikipita kwenye kompyuta, utanunua kompyuta. Bora zaidi chuma kitengenezwe pembeni, kije kufungwa kwa boliti za daraja 8.8 na nati zenye nailoni, fremu isiguswe na moto kabisa.

Umeuliza uanze na kipi. Anza na kisanduku cha fyuzi na rilei, ingawa hakionekani wala hakipigwi picha. Kikishakaa, chaja, kamera na spoti ni kazi ya asubuhi moja, na mwakani ukitaka gripu za joto kwa ajili ya Limuru, nafasi ya fyuzi yake ipo inakungoja, ila urudie kwanza hesabu ya wati. Fundi wako wa mtaani anaweza kuifanya kazi hii ukimpa waya wa kweli, rilei, na muda wa siku mbili badala ya jioni moja. Mwongezee pesa, ni haki yake.

Wiki mbili kabla ya safari, pakia kila kitu kama unaondoka kweli na uende Magadi, urudi siku hiyo hiyo. Ni zaidi ya kilomita 100 kwenda, kuna joto la kutosha. Ukifika kule, kabla hujanywa maji, zima injini, fungua kiti, pitisha kidole kwenye kila kiungo na kila fyuzi. Vinapaswa kuwa na joto la hewa tu. Kilicho moto kuliko jirani yake kifungue hapo hapo, kikate, kibane upya. Beba fyuzi tano za kila rangi, rilei moja, mita 2 za waya na ile koleo. Halafu pima betri asubuhi inayofuata na uniletee namba.